Saladi safarini katika nchi ya mifugo: mwongozo kamili wa barabara ya Nanyuki hadi Marsabit

Ukitoka Nanyuki kuelekea kaskazini, nyama haina shida kupatikana. Kila kituo kina buchari, kila buchari ina jiko la mkaa nyuma yake, na mbuzi wa kule hula vichaka vya nyika, kwa hiyo ladha yao haihitaji viungo. Kinachohitaji mpango ni mboga mbichi. Huko chini utaletewa kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, imelowa maji, vitunguu vinawasha pua na nyanya zimeshapondeka. Wasafiri wengi wanaamini ndivyo saladi ya nyikani ilivyo. Sivyo. Ukinunua mboga mlimani, ukaosha majani kabla ya kushuka, na ukakata kila kitu mezani nyama ikiwa tayari jikoni, utakula saladi nzuri siku tatu au nne mfululizo bila friji.

Mwongozo huu unafuata barabara ya Nanyuki, Timau, Isiolo, Archer's Post, Merille, Laisamis hadi Marsabit, na unafaa pia kwa anayelala kwenye ranchi za Laikipia. Idadi zote ni za watu wanne.

Jua mboga zinatoka wapi

Nanyuki iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 na ushei, chini ya Mlima Kenya, na Timau iko juu zaidi. Miteremko hii ina mvua na maji ya kumwagilia, ndiyo maana kabichi, karoti, viazi, vitunguu, sukuma wiki na dania hujaa sokoni. Magharibi na kaskazini mwa hapo ndiko kwenye ranchi na hifadhi: Solio, Ol Pejeta, Borana, Lewa. Baada ya Timau barabara inateremka kwa kasi hadi Isiolo, kwenye mita 1,100 hivi. Utalihisi joto kabla hujafika, na mboga zako zitalihisi pia.

Isiolo ndilo soko kubwa la mwisho kabla ya Marsabit. Mboga zake nyingi hupanda gari kutoka upande wa Meru, kwa hiyo asubuhi ni nzuri na alasiri zimeshanyauka. Kuanzia Archer's Post, kilomita 35 hivi kaskazini ya Isiolo, hadi Laisamis, hesabu vitunguu, nyanya chache na pengine kabichi kwenye duka la kando ya barabara. Mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye msitu, hewa yake ni ya baridi na soko lake lina mboga, lakini wingi wake hutegemea mvua na malori. Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 250. Barabara yote ni lami, na anayeendesha moja kwa moja hufika siku hiyo hiyo. Anayelala Samburu siku mbili au tatu ndiye anayehitaji kubeba soko lake mwenyewe.

Msimu nao una kauli yake. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei nyanya hupanda bei, huwa na maji mengi na huoza upesi. Hapo punguza nyanya, ongeza kabichi na karoti. Maembe ya upande wa Meru na Tharaka hujaa kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, na kabla ya hapo utapata mabichi, ambayo kwa saladi ndiyo bora. Parachichi ni nyingi kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka.

Kununua: kikapu cha siku tatu

Nunua Nanyuki au Timau siku ya kuondoka, au jioni ya kuamkia safari:

- vitunguu vyekundu kilo 1
- nyanya kilo 1 na nusu
- kabichi 1 ndogo, kilo 1 hadi 1.5
- karoti nusu kilo
- sukuma wiki changa mafungu 2
- matango 3 na hoho 3
- parachichi 4
- ndimu 10
- dania mafungu 2
- maembe mabichi 2, yakiwa msimuni
- pilipili kiasi unachoweza
- ndengu nusu kilo
- chumvi, siki chupa moja, mafuta ya kula kidogo

Nyanya ndizo zinazowashinda wengi. Usinunue zote zikiwa zimeiva. Mwambie mama mboga akuchagulie mafungu matatu: zilizoiva kabisa za leo, zilizo nyekundu lakini ngumu za kesho, na zilizoanza tu kubadilika rangi za kesho kutwa. Chagua zile za umbo la yai, kama Cal J au Rio Grande. Nyama yake ni nene, mbegu na maji ni kidogo, na haipasuki garini. Nyanya za duara za kitalu zina sura nzuri, lakini zikikatwa hutoa maji mengi.

Parachichi nazo zipange hivyo hivyo. Bonyeza karibu na kikonyo, si tumboni, maana tumboni unaliumiza na utakuta doa jeusi. Likibonyea kidogo ni la leo. Likiwa gumu ni la siku tatu zijazo, na joto la Isiolo litalisukuma mbele kwa siku moja.

Kabichi ichague kwa uzito: nzito kuliko ukubwa wake, majani yamebana, na usiruhusu muuzaji ayaondoe majani ya nje. Hayo ndiyo gunia lake la safari. Kitunguu kiwe na shingo iliyokauka, maana chenye shingo laini huanza kuoza ndani kabla ya kuonekana nje. Ndimu iliyo nzito na yenye ganda laini ina maji, na yenye ganda nene lenye mabonde ni ganda tupu. Bichi au ya njano, yote inafaa. Dania ichukue na mizizi yake. Karoti ichukue bila majani, kwa sababu majani huendelea kuinyonya maji hata baada ya kung'olewa.

Spinachi ya sokoni acha. Ikiwa mbichi hukwaruza meno na kuacha uchungu, na kwenye joto hunyauka ndani ya saa chache.

Maji na usafi

Hapa hakuna njia ya mkato, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa maji na kwa majani yaliyoguswa na maji hayo. Siki na chumvi haviui vijidudu kiasi cha kutegemewa, hata kama nyumbani ulifundishwa hivyo.

Kwanza, ondoa udongo. Osha kila jani chini ya maji yanayotiririka au badilisha maji mara mbili, ukisugua kwa vidole. Hatua hii wengi huiruka wakitegemea dawa, na hapo dawa hushindwa. Klorini huishia kwenye udongo kabla ya kufika kwenye kijidudu. Pia kuna mayai ya minyoo ambayo klorini haiyawezi, na yanayoyaondoa ni kusugua, kusuuza na kumenya.

Pili, loweka. Tia kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha dawa ya kufulia ya klorini, isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hadi 5, kwenye lita 2 za maji safi. Zamisha majani yote kwa dakika 5 hadi 10. Usiongeze dawa ukidhani unaongeza usalama.

Tatu, suuza kwa maji ya kunywa, kisha kausha. Tandaza juu ya kitambaa safi mahali penye upepo mpaka pasiwe na tone. Majani yaliyofungwa na maji huoza usiku mmoja.

Osha hivi sukuma wiki na dania tu, jioni ya kuamkia safari au kabla ya kuondoka, ukiwa bado mlimani kwenye maji mengi. Nyanya, tango, hoho, ndimu na parachichi zioshe siku ya kuzila. Ndiyo, hata parachichi na ndimu, kwa sababu kisu hupita kwenye ganda na kuingia ndani na kila kilichokuwa juu yake. Kabichi iondolee tu majani ya nje, kisha suuza unayoikata.

Ukichemsha maji ya kunywa, dakika moja ya kutokota inatosha Isiolo. Juu ya mita 2,000, kama Timau, chemsha dakika tatu, kwa sababu maji huko hutokota kwa joto dogo zaidi. Na huko chini usitumie maji ya kisima cha kijiji kuoshea saladi ya watalii wakati wa kiangazi. Ng'ombe na watoto wanayasubiri. Beba lita 3 kwa siku za kuoshea peke yake.

Kupakia

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi. Pakia kwenye vyondo, vitambaa vya pamba, makopo yenye vifuniko na trei za mayai. Kwa bahati, vitu hivyo ndivyo mboga zinavyovipenda.

Nyanya zipange kwenye trei ya mayai, kikonyo chini, safu moja. Usizitie kwenye sanduku la barafu. Baridi kali huua ladha yake, na nyanya iliyoanza kubadilika rangi haitaiva tena vizuri. Parachichi, maembe na nyanya zilizoiva huachia hewa inayoharakisha kuiva, kwa hiyo zikae mbali na tango, majani na karoti. Tango hugeuka njano, majani hupauka, na karoti huwa chungu. Sababu ya karoti chungu kwenye kikapu cha safari mara nyingi ni hiyo tu.

Sanduku la barafu ni la majani, matango, hoho, maziwa lala na ndengu zilizopikwa. Gandisha chupa mbili za maji za lita moja moja, zilaze chini, weka gazeti juu yake, kisha matango na hoho, kisha majani yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Jani likigusa barafu huganda na kuwa jeusi. Barafu ikiyeyuka una maji ya kunywa.

Huna sanduku? Chukua kikapu kilichosukwa, kifunge kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, kiweke kivulini penye upepo. Kwenye ukame wa Merille na Laisamis maji hukauka haraka na kuondoka na joto, kwa hiyo njia hii hufanya kazi vizuri kule kuliko ingefanya Mombasa. Lowesha gunia tena kila baada ya saa mbili. Ndani ya gari, weka kikapu nyuma ya kiti, si kwenye buti juu ya bomba la moshi.

Kachumbari, hatua kwa hatua

Utahitaji vitunguu vyekundu 2 vya kadiri (gramu 200), nyanya ngumu 4 (gramu 400), tango nusu, pilipili 1, dania nusu fungu, ndimu 1 kubwa, chumvi. Kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati kitunguu, hukiponda, na kitunguu kilichopondwa ndicho kinachowasha na kugeuka kichungu.

Dakika 25 kabla ya nyama: menya vitunguu, vikate katikati toka kichwa hadi mzizi, kisha vipande vyembamba kabisa kwa kufuata mistari yake. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vifikiche kwa mkono dakika moja, viache dakika kumi. Chumvi huvuta maji yenye ukali. Suuza kwa maji ya kunywa mara mbili au tatu, kisha kamua kabisa. Onja. Kiwe kitamu kidogo na chenye kuvunjika mdomoni. Ukihisi chumvi nyingi, hukusuuza vya kutosha.

Dakika 10 kabla: kata nyanya robo nne, ondoa mbegu na ute kwa kidole cha gumba, kisha ukate vipande virefu. Wako watakaosema ladha iko kwenye ute. Ni kweli, na ukila papo hapo uache. Lakini kama sahani itazunguka meza nusu saa huku watu wanasubiri ubavu wa pili, ute ndio utakaoigeuza mchuzi. Tango lipasue, kwangua mbegu kwa kijiko, kata nusu mwezi.

Nyama inapoanza kukatwa kwenye ubao: changanya vitunguu, nyanya, tango na pilipili. Chumvi robo kijiko cha chai tu, kwa sababu nyama italetwa na chumvi yake. Kamua ndimu nzima juu ya chujio au kiganja ili mbegu zisianguke, maana mbegu iliyotafunwa huharibu tonge zima. Dania iwe ya mwisho, imekatwa mara moja kwa kisu, pamoja na vikonyo vyake vyembamba.

Mafuta hayahitajiki. Mbuzi wa kuchoma ana mafuta yake, na kazi ya kachumbari ni kuyakata. Tofauti ni nyama ya ngamia, ambayo utaipata Isiolo na Marsabit. Haina mafuta mengi, na kijiko kimoja cha mafuta kwenye kachumbari huifanya isikwame kooni.

Ikikuharibikia: yenye maji mengi, mimina maji yote, ongeza tango mbichi na ndimu kidogo. Yenye chumvi nyingi, ongeza nyanya na tango, kamwe si maji. Yenye pilipili kupita kiasi, ongeza parachichi, kwa sababu mafuta yake hutuliza ukali. Dania iliyogeuka kijivu maana yake ndimu iliingia mapema. Tindikali huua rangi ya kijani ndani ya nusu saa.

Nyingine zinazostahimili barabara

*Sukuma wiki mbichi ya kufikicha* ni ya siku ya kwanza. Mafungu mawili ya majani machanga (gramu 250 baada ya kutoa mshipa wa kati), yaliyoviringishwa na kukatwa membamba sana. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, ndimu nusu, kijiko kimoja cha mafuta. Fikicha kwa nguvu dakika tatu, mpaka majani yapungue nusu na kuwa na rangi ya kijani iliyokolea. Acha dakika 15. Ukifikicha dakika moja utatafuna kama mbuzi. Pamba kwa karoti iliyokunwa na parachichi. Watu wasiojua kwamba sukuma huliwa mbichi huomba kuongezewa.

*Kabichi na embe bichi* ni ya siku ya tatu, wakati kila kitu kingine kimechoka. Robo tatu ya kabichi ndogo, embe bichi moja lililokunwa, karoti mbili, hoho moja, chumvi kijiko kimoja cha chai. Kanda, acha dakika 20, mimina maji, kisha onja kabla ya kutia ndimu, kwa sababu embe lina uchachu wake. Punje za karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, vijiko vitatu vya chakula, huleta mkwaruzo unaokosekana. Mayonesi usibebe. Kwenye joto la Archer's Post kopo lililofunguliwa ni hatari kuliko faida yake.

Ukitaka kitu laini tumia maziwa lala ya pakiti: nusu kikombe, ndimu nusu, chumvi, dania. Maziwa ya ngamia yaliyochacha ya kienyeji ni matamu, na wengi watakushawishi. Ila kama hayakuchemshwa kabla ya kuchachishwa, uchachu peke yake hauondoi hatari ya brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Uliza, na ukisikia jibu la kusitasita, kunywa chai.

*Ndengu kwa vitunguu vya siki* ni mlo kamili kwa asiyekula nyama, na katika safari ya nchi hii hakosekani mmoja kwenye kundi. Kikombe kimoja cha ndengu, vikombe vitatu vya maji, moto mdogo dakika 25 hadi 30 Isiolo. Nanyuki ongeza dakika kumi hivi. Zitoe zikiwa bado na umbo, chuja, na utie ndimu na mafuta zikiwa moto. Ndengu zilizopoa hazinywi kiungo tena, na hapo ndipo ladha hupotea. Vitunguu vya siki viandae nyumbani: vitunguu viwili vyembamba, kikombe cha siki, nusu kikombe cha maji, kijiko cha chakula cha sukari, kijiko cha chai cha chumvi, chemsha siki na viungo vyake, kisha umimine juu ya vitunguu. Siku tatu au nne kwenye kivuli havidhuriki. Ndengu zenyewe ni kisa kingine. Zikishapikwa, zisikae nje zaidi ya saa mbili, na penye joto la kupita nyuzi 32 zisizidi saa moja. Pika kwa mlo, au weka kwenye barafu mara tu zipoe.

Na kwa nyama iliyobaki jioni, ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi, ikate vipande vyembamba kuvuka nyuzi zake, changanya na vitunguu vya siki, embe bichi, pilipili na dania nyingi. Asubuhi ya pili, na chapati moja ya jana iliyopashwa, utasahau mayai. Mjini Isiolo na Marsabit utapata pia nyirinyiri, vinyama vidogo vilivyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Yeyusha mafuta taratibu, chuja, nyunyiza vijiko viwili au vitatu juu ya kabichi dakika ya kula. Ukitangulia vitalowa, na mafuta yatagandamana kwenye majani.

Kwenye buchari ya kuchoma

Chagua nyama mwenyewe, nusu kilo kwa mtu pamoja na mifupa, kisha uulize itachukua muda gani. Jibu likiwa "dakika ishirini", hesabu saa moja. Muda huo ni wako.

Ombi la muhimu kuliko yote ni hili: "Kachumbari msikate mpaka nyama itoke, na tafadhali tuleteeni nyanya na vitunguu vizima." Sema kwa upole, kabla hawajaanza. Sehemu nyingi hukubali, na wengine hucheka na kukupa sahani na kisu. Usikitumie kisu hicho bila kukiosha. Hatari kubwa ya kachumbari ya buchari haiko kwenye nyanya, iko kwenye ubao uliokatiwa nyama mbichi dakika tano zilizopita. Beba ubao wako mdogo na kisu chako, na ubao huo usiguse nyama kabisa, hata iliyoiva.

Ukileta mboga zako, mwombe mwenye buchari ruhusa na ununue vinywaji vya meza nzima kwake. Kachumbari ikitosha, peleka sahani moja kwa mchomaji. Ataanza kukuchagulia mbavu. Isiolo wengi ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana. Panga kula garini kwa staha au subiri magharibi, wakati utakapokuta matunda na mboga kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote.

Kambini na kwenye ranchi

Ukilala kwenye ranchi yenye jiko, piga simu siku mbili kabla ulize kama wana bustani. Wengi wanayo, na mpishi ambaye ameombwa saladi mapema atachuma asubuhi badala ya kufungua kopo la mahindi.

Kambini Samburu adui si joto peke yake. Tumbili na nyani hufungua zipu za hema na masanduku yasiyofungwa kwa kamba, na tembo hufuata harufu ya matunda kutoka mbali. Usiingize ndimu, maembe wala parachichi kwenye hema usiku. Vyote vilale garini, madirisha yamefungwa. Maganda usiyatupe kichakani kwa hoja kwamba yataoza. Nyani akishazoea maganda yako atawashambulia wageni wa kesho. Yafunge kwenye kopo, uyabebe mpaka mji unaofuata. Maganda ya kabichi na karoti utayaombwa kabla hujafika mjini, na mbuzi wa Merille hawachagui.